Picha ya Marehemu Imegeuka Kijani

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwangu, Gamaliel amesimama na kitu kikubwa kilichofungwa ndani ya kitenge. Kama gazeti lile lilifungia maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa kifupi. Mimi ni Muyisa, mpiga picha. Studio yangu ya mjini iliungua, rafiki niliyemwamini akatoweka na kamera yangu, na sasa nachapa picha nyumbani, hapa mtaa wa Kimemi, Butembo, katika chumba ambamo zamani tulikuwa tunakula. Kazi iliyobaki ni moja: picha za marehemu.

Huku kwetu aliye hai anachapwa kwa rangi. Akifa, familia inaleta simu yake na kusema wanataka noir et blanc, nyeusi na nyeupe, kubwa, yenye kioo. Picha hiyo inakaa juu ya kiti wakati wa kilio. Siku ya kuondoa matanga, levée de deuil, inakaa tena juu ya kiti kile kile, na watu wanazungumza mbele yake kama vile mwenyewe yumo. Kwa hiyo mambo ya wino kwangu si mchezo.

"Fungua," Gamaliel akasema. Hakutaka kukaa.

Nikafungua. Kaka yake mkubwa Jean-de-Dieu, mfanyabiashara wa viazi wa Alimbongo, marehemu niliyemchapa miezi mitatu iliyopita, alikuwa ananitazama na uso wa rangi ya sombe iliyolala, yale majani ya muhogo yaliyopikwa jana.

"Unaona?"

"Naona."

"Donc siko kichaa. Miye na bamama yote ya kwetu tunaona. Yaya yangu anageuka rangi ya majani ndani ya kioo. Unajua mutu anageukaka majani ju ya nini?"

Nilijua. Kila mtu wa Butembo anajua. Mtu aliyelishwa karuho, ile sumu ya polepole, wanasema hata maiti yake hubadilika rangi. Sasa Gamaliel alikuwa ameiletea habari hiyo sura mpya: maiti imezikwa, basi picha ndiyo imebadilika.

"Hii ni karatasi tu," nikasema.

"Karatasi ya bengine inageuka?"

Nikaisogeza picha mbali na mwanga.

"Bon. Nani alikuwa anamupikia? Florentine, muke yake. Jumapili tuko na levée ya deuil. Familia yote itakuwa pale. Florentine ataeleza mbele ya picha. Kama haelezi, anabeba sufuria yake anarudia kwao. Anaacha nyumba, anaacha shamba, anaacha na batoto. Batoto ni ya siye."

"Na mimi unanitakia nini?"

"Kitu kimoja. Kama batu banakuuliza, sema wino yako ni muzuri. Ni ile tu. Unasema wino yangu ni muzuri, unanyamaza." Alianza kuifunga picha tena. "Ata Victoire anajua. Njo ye alibadilishaka kioo."

Nikamwangalia mgongo mpaka alipopita kona. Katika mtaa wetu hakuna anayemwita mke wangu Victoire. Ni Mama Christa, kwa jina la binti yetu. Hata padri anamwita Mama Christa. Gamaliel alimjulia wapi jina?

Kweli, kioo kilibadilishwa. Mwezi mmoja baada ya mazishi picha ilirudishwa kwetu, kioo kimepasukia njiani juu ya gari la viazi. Mimi nilikuwa Mbau, nimeitwa kupiga picha za harusi kwa kamera ya kuazima. Victoire akapokea, akatia kioo kipya, akaikabidhi. Hayo ndiyo niliyoyajua.

Siku iliyofuata Florentine mwenyewe akaja. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kubeba magunia, akaitazama mashini yangu kama mtu anayetazama mbwa aliyemuuma.

"Ni hii?"

"Ni hii."

"Papa Muyisa, nimekaa na Jean-de-Dieu miaka kumi na sita. Alikufa na sukari ndani ya damu. Daktari aliandika, mi niko na karatasi. Lakini karatasi ya daktari bao hapana sikia. Banasikia karatasi yako." Akaigusa mashini kwa kidole. "Naomba uniambie moja tu. Ni wino, ao haiko wino?"

Swali lilikuwa jepesi. Mtu mwenye haya angelijibu kwa neno moja.

"Mama, mi sijue," nikasema.

Akainuka. Kisha akasema "wasingya", asante yetu ile ya Kinande, na akatoka. Ile asante iliniuma kuliko matusi.

Sasa nitawaambia kitu ambacho hata mhariri wa gazeti hili hakijui. Nimewaandikia wiki sita nikilalamika kuhusu watu walioniibia. Katika wiki hizo sita mmoja wa wezi nimemficha, naye ni mimi.

Lazima kwanza nieleze habari ya wino, maana kesi yote iko humo.

Mashini yangu ya kwanza ni ya kartushi. Kartushi sita za rangi, za dukani, zimefungwa kama peremende. Wino wake ni mgumu: umwagie maji, picha haijali. Lakini ile mashini haijui kijivu. Ukiiomba kijivu inachanganya rangi zote kidogo kidogo kama mpishi asiye na chumvi, na kijivu chake hakitulii. Ndani ya nyumba marehemu ni mweusi na mweupe vizuri. Ukimtoa nje kwenye jua, uso unavuta rangi nyingine. Nilichoka kurudishiwa picha. Nikaifunika mashini hiyo kwa kitenge, nikaiweka chumbani kwetu.

Kabla sijaifunika, Victoire, ambaye anaitumia kama mimi, alitaka tuzijaze kartushi zilizokwisha kwa sindano. Tulijaribu mwezi mzima. Meza ilionekana kama ya zahanati, na vidole vyangu padri alivitazama kila alipotaka kunipa komunyo.

Ndipo Idi akanipa njia ya tatu. Idi anauza wino na vifaa vya simu huko Beni, karibu na soko. Akaniuzia mashini nyingine, yenye chupa nne zinazokaa pembeni na mirija myembamba inayopeleka wino ndani. Na ndani ya chupa si rangi. Ni mweusi mmoja na vijivu vitatu: kizito, cha kati na chepesi. Wino wa unga, unaokaa juu ya karatasi haukimbii. Akasema kijivu hicho hakiwezi kuvuta rangi kwa sababu hakina rangi ya kuvuta.

Nilimshuku. Mwenye duka akikuambia utatumia kidogo, lazima umshuku. Siku ya kwanza nikaziweka chupa juu ya mashini, mahali pa heshima, kama tunavyoweka redio. Tukaenda misa. Tuliporudi wino ulikuwa umeteremka wenyewe, mashini inaogelea. Nikampigia Idi simu nikimwita mwizi. Akacheka, akasema chupa zikae sawasawa na mashini, zisiipite kimo. Nikazishusha. Tangu hapo picha zangu zilitoka safi hata wenzangu wakaanza kunichukia.

Kijivu chepesi ndicho kinachokwisha mbele ya vingine, kwa sababu uso wa mtu karibu wote unatoka humo. Na kilikwisha wiki ile njia ya Beni ilipofungwa. Magari hayakwenda, pikipiki hazikwenda. Nyumbani kwangu familia tano zilikuwa zinangoja, na maiti haingoji.

Nikachukua wino mweusi wa ofisi, ule wa kuchapia mitihani ya shule. Nikaupunguza kwa maji ya kuchemsha mpaka ukawa kijivu. Nikaumimina ndani ya chupa ya kijivu chepesi, nikafunga kifuniko cha Idi juu yake. Picha kumi na nne zilitoka hivyo. Zilikuwa nzuri siku ya mazishi. Ya Jean-de-Dieu ilikuwa mojawapo.

Mnaona basi kwa nini nilisema sijui. Nikisema ni wino, familia kumi na nne zinarudi na vioo vyao mlangoni kwangu. Nikinyamaza, mwanamke mmoja anapoteza nyumba na watoto. Nilipima hayo mawili, na nakiri kwamba kwa siku mbili nzima nilinyamaza.

Siku ya tatu nikapanda taxi ya kwenda Beni. Msidhani nilikwenda kutafuta ukweli. Nilikwenda kutafuta mtu wa kumtwika.

Idi alinipokea kwa kikombe cha chai, kama kawaida.

"Papa Christa. Habari ya Butembo?"

"Wino yako inaua batu."

Akaweka birika chini taratibu. "Keti kwanza. Wino ya nani inaua nani?"

Nikamweleza habari ya Jean-de-Dieu kugeuka kijani. Nikasema grise légère yake, kile kijivu chepesi, ni ya uongo, ameichanganya yeye, na mimi nitamtaja hadharani. Nilisema hayo nikimtazama machoni. Nilijishangaa.

Idi hakubisha. "Umeleta picha?"

Ya Jean-de-Dieu alikuwa nayo Gamaliel. Lakini nilikuwa nimebeba kipande cha majaribio cha wiki ile ile, mabaki ya karatasi yenye nusu ya uso wa bibi mmoja wa Kimemi. Idi akachovya kidole kwenye maji, akaacha tone moja lianguke shavuni mwa yule bibi. Akaniambia ninywe chai yangu.

Nilipomaliza kikombe, tone lilikuwa limekuwa doa la zambarau, na shavu la bibi limeyeyuka kuelekea shingoni.

Idi akachukua chupa iliyofungwa kutoka rafu yake, akadondosha wino kidogo kwenye karatasi nyingine, akaukausha juani, akaweka tone la maji. Maji yakakaa pale kama yalivyo. Akayafuta kwa kitambaa. Karatasi haikusogea.

"Hii ni yangu," akasema. "Ile ingine ni ya bureau, ya ofisi. Nani aliitia ndani ya chupa yangu?"

Nikatazama chai.

"Papa Christa. Mi sijakuuliza ju nakusemesha mubaya. Njia ilifungwa, najua. Na miye njia inanifungiaka. Mais mbele ya kunipaka matope, ungenipigia simu."

"Nilikosa," nikasema. Neno hilo lilitoka kwa shida.

"Ulikosa. Lakini kuko kitu sielewi." Akaishika tena karatasi ya bibi, akaigeuza kwenye mwanga. "Wino hii ya bureau ikichoka, inaendaka rouge, ile nyekundu. Zambarau, rouge, kahawia. Kuona ikienda kijani, mi sijaona."

"Labda ni maji niliyotia."

"Labda," Idi akasema. Alikuwa anasema labda kwa mdomo, macho yanasema hapana.

Ningemsikiliza wakati ule, ningejiokoa. Lakini mtu akishajua kosa lake analiona kila mahali, na mimi nililiona kosa langu kwenye uso ule wa kijani tangu dakika ya kwanza. Sikutaka kutafuta lingine. Kwa kweli nilikuwa na nafuu fulani. Njiani nikirudi Butembo niliamua: Jumapili naenda Alimbongo kusema.

Nilimkuta Victoire anachagua maharage uani. Nikamwambia.

"Unaenda kusema nini?" akauliza.

"Kwamba nilichanganya wino."

"Mbele ya batu yote?"

"Mbele ya watu wote na mbele ya picha."

Aliacha maharage. Mke wangu si mwoga. Studio ilipoungua yeye ndiye aliyeingia kutoa kompyuta. Lakini sasa uso wake ulibadilika, na nikauona ukibadilika.

"Hapana enda, Papa Christa."

"Kwa nini?"

"Utaangusha nyumba. Acha ukoo imalizane yenyewe. Kesi ya kwao ni ya kwao."

"Watamfukuza Florentine."

"Florentine iko na kwao."

Maneno hayo hayakufanana naye. Victoire ni mtu wa kupeleka uji kwa kila mwenye kilio. Nikakaa kwenye kibao mbele yake.

"Gamaliel anakuita Victoire. Kwa nini?"

Akacheka kidogo, bila kunitazama. "Ju ni jina yangu. Weye njo ulishaisahau."

"Alikuja hapa mara ngapi nilipokuwa Mbau?"

"Alileta kioo. Alirudi kuchukua. Ni mara mbili. Unataka nikuandikie?"

Akarudi kwenye maharage. Mimi nikaingia chumbani, bila sababu, nikasimama mbele ya ile mashini ya zamani. Nikakumbuka kwamba niliporudi kutoka Mbau kitenge kilichoifunika kilikuwa kimewekwa kinyume, ndege wake wa kuchorwa vichwa chini. Siku ile nilimgombeza Christa kwa kuchezea vitu. Christa alikataa mpaka akalia, nami sikumwamini. Nikakigeuza kitenge, nikayasahau.

Sasa nilisimama pale nikiwaangalia ndege. Nikajiambia nimezidi. Umemshuku Idi, Idi ni msafi. Sasa unamshuku mke wako kwa ajili ya kitambaa na jina. Nikaona haya, nikatoka.

Jumapili Alimbongo kulikuwa na ukungu na baridi ya kule juu, watu wamejifunga makoti juu ya nguo za misa. Walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Viti vilizunguka ua. Upande mmoja, juu ya kiti chenye kitambaa cheupe, alikaa Jean-de-Dieu ndani ya kioo. Nje, kwenye mwanga, ukijani wake ulikuwa mbaya zaidi. Watoto walikatazwa kumtazama na walikuwa wanamtazama.

Florentine alikaa chini kwenye mkeka, peke yake. Mafurushi yake mawili yalikuwa tayari yametolewa nje, yamewekwa karibu na ua wa miti. Walikuwa wameyafunga kabla hawajamsikiliza.

Kando ya picha aliketi Mama Kahongya, mama mzazi wa marehemu na wa Gamaliel. Ni mama mnyamavu, lakini akisema, wote wanatulia.

Gamaliel alisimama, akaeleza. Alisema vizuri, kwa huzuni, kama mtu asiyependa anachokisema. Kisha akaninyooshea mkono.

"Mwenye picha iko hapa. Papa Muyisa, uambie familia. Wino yako ni muzuri ao mubaya?"

Nilisimama.

"Ni mbaya," nikasema.

Watu wakasogeza viti karibu.

Nikasema yote. Njia iliyofungwa, familia tano, wino wa mitihani, maji ya kuchemsha. Nikasema picha kumi na nne, na kwamba kama kuna mwingine pale mwenye picha yangu, aniletee. Nikasema marehemu hakugeuka kijani, aliyegeuka ni mimi. Kwamba Florentine hana hatia ya rangi hii, na kama kuna wa kufukuzwa ni mimi.

Mzee mmoja akatema mate chini. Mwanamke wa nyuma akasema kwa sauti, "Na ya papa yangu pia?" Nikamjibu ndiyo, na ya papa yako. Akafunika uso kwa kitenge.

Florentine alikuwa amenyanyua kichwa. Hakutabasamu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayehesabu siku tangu aliponiuliza swali lile nyumbani kwangu.

"Anadanganya," Gamaliel akasema. "Florentine alienda kwake. Batu balimuona. Banapatana."

"Naweza kuonyesha," nikasema.

Mama Kahongya akageuza kichwa. "Onyesha, mwana."

Nikaomba kikombe cha maji. Nikaichukua picha kutoka kitini, nikafungua misumari ya nyuma kwa kisu cha jikoni, nikaitoa karatasi kwenye kioo huku nikiwatazama watu, si karatasi. Nikawaeleza kabla: wino wa ofisi ukikutana na maji unakimbia, mtaona zambarau. Nikamwomba marehemu radhi kwa sauti, maana macho yote yalikuwa kwetu sisi wawili. Nikaweka tone shavuni.

Tukangoja.

Tone lilikaa. Lilikuwa duara, safi, na ndani yake niliona mawingu ya Alimbongo. Nikangoja zaidi. Nikalifuta kwa ncha ya shati langu. Shavu lilikuwa kijani vile vile, kavu, halikusogea hata kidogo. Shati langu lilibaki jeupe.

Nikaweka tone la pili kwenye paji la uso, na la tatu kwenye kola. Nikasugua.

"Maji yako imekataa," Gamaliel akasema, na sasa alikuwa karibu kucheka. "Munaona? Wino ni muzuri. Alikuja kutudanganya ju ya mwanamuke."

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nasikia mirija ikipasuka kichwani mwangu. Wino usiokimbia maji. Kijivu kinachovuta rangi nyingine ukikitoa juani. Hii haikuwa picha yangu. Haikutoka kwenye chupa zangu hata moja. Ilikuwa imetoka kwenye kartushi za rangi, na mashini ya kartushi ninayoijua ni moja, na iko chumbani kwangu chini ya kitenge cha ndege.

Mtu aliitoa picha niliyoichapa mimi, akatia hii.

Mimi kila picha naiandika mgongoni kwa kalamu ya risasi, namba na herufi za marehemu. Mwandiko wangu ni mkubwa, umelala kama nyasi za mvua. Nikaiinua karatasi.

"Rudisha ndani ya kioo," Gamaliel akasema.

Nikasimamisha mkono.

"Rudisha. Umeshaharibu deuil ya batu. Hapana haja ya kutazama nyuma."

Hakuna aliyekuwa amezungumza habari ya nyuma. Mama Kahongya alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi.

Nikageuza.

Namba ilikuwepo, na ilikuwa ndiyo: 37. Chini yake, J. de D. Lakini herufi zilikuwa ndogo, za mviringo, zimesimama wima zimepangwa kama wanafunzi wa masista. Nauona mwandiko huo kila asubuhi. Umeandikwa kwenye makopo ya jikoni kwetu: sukari, chumvi, majani ya chai.

Nikawaza mawili kwa mara moja. Labda picha yangu ilinyeshewa njiani siku ile kioo kilipopasuka, ikayeyuka, na Victoire akachapa nyingine kimya kimya ili kuficha aibu yangu. Au labda Gamaliel alimwomba amtengenezee marehemu wa kijani, na mke wangu akakubali, kwa sababu nisiyoijua. Lililo la kweli sikulijua. Nilijua tu kwamba alinisihi nisije.

"Kumeandikwa nini?" Mama Kahongya akauliza.

"Namba," nikasema.

"Namba ya mukono ya nani?"

Gamaliel akafungua koti. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye baridi ile.

Florentine aliinuka kwenye mkeka. Akaja mpaka mbele yangu, akasimama karibu, sauti yake ya chini lakini ua mzima uliisikia.

"Siku ile nilikuuliza, ukasema haujue," akasema. "Leo unajua. Mi nakuona. Soma, Papa Muyisa. Sema ni mukono ya nani."

Nyuma yake mafurushi mawili yalikuwa yanalowa ukungu. Mkononi mwangu kulikuwa na mwandiko wa mama wa mtoto wangu. Nikamtazama Florentine, na midomo yangu ikaanza kufunguka kabla sijaamua jina gani litatoka, langu au la Victoire.